Aidia za dizaini: anza na kabati la mama

Mkuu umesema kila ukiingia Pinterest, ule mtandao wa picha, kutafuta aidia unakuta vitu vilevile na posta zako za matangazo zimeanza kufanana na za watu wengine. Mi nakushauri weka simu pembeni kwanza, kaombe kanga kwa mama uitandaze kitandani, utaona pindo, mji na jina, yaani fremu, picha na maandishi, rangi tatu hivi tu na bado mtu anakusoma toka ng'ambo ya barabara 😂 Zile za Mombasa kuna maandishi madogo K.H.E. Mali ya Abdulla, hiyo ni brandi kitambo sana kabla yetu. Pia mi nina folda kwenye simu naiita vituko, humo kuna kibao cha kinyozi fundi kaanza na herufi kubwa SALU akaishiwa nafasi, NI ikabanwa kule ukutani kama abiria wa daladala, nimeshaitumia hiyo staili kwenye posta ya shoo na mteja kaipenda balaa. Ukipiga picha piga kivulini bila flashi, la sivyo rangi zinadanganya ukija kuzichukua kwenye kompyuta.