Maswali yenu: bluu inayogeuka zambarau, barkodi isiyosomeka na nembo mpya ya SACCOS

Nembo ya kampuni yetu ni bluu kali. Kwenye simu inang'aa vizuri, lakini mabango mawili ya kusimama tuliyoyaandaa kwa ajili ya Sabasaba yametoka zambarau, na picha zimefifia kama zina ukungu. Mwenye duka la kuprinti anasema kosa ni la faili, msanifu wetu anasema kosa ni la mashine. Tumwamini nani?
*Afisa masoko, Dar es Salaam*

Kwa sehemu kubwa, mwamini mwenye duka. Kioo cha simu hutengeneza rangi kwa mwanga, mashine hutengeneza kwa wino wa sayani, majenta, manjano na nyeusi, yaani CMYK (C, M, Y na K, kila moja kwa asilimia). Ile bluu tupu ya skrini, R0 G0 B255, inayopendwa sana na wasanifu haipatikani kwa wino huo. Programu ikilazimishwa kuigeuza kwenda CMYK, mara nyingi hutoa kitu kama C88 M77. Sayani na majenta zikikaribiana kiasi hicho, jicho haliwezi kuona kingine ila zambarau. Mashine ilichapa ilichopewa.

Dawa ni kuchagua bluu ya kuchapia tangu siku nembo inapobuniwa. Acha pengo la angalau 30 kati ya sayani na majenta: C100 M65 Y0 K10 ni mahali pazuri pa kuanzia. Usiihukumu kwenye skrini. Mwombe mwenye duka akuchapie kipande cha sm 20 kwa 20 kwenye mashine ileile na malighafi ileile ya bango, kisha kitoe nje ukitazame juani, kwa sababu taa za dukani hudanganya. Rangi ikikuridhisha, andika namba zake kwenye mwongozo wa nembo na ukitunze kile kipande. Safari ijayo, hata ukihamia duka jingine, utampa kipande cha kulinganishia badala ya kubishana naye kwa maneno.

Mkiwa hapohapo, kagueni na nyeusi. Eneo kubwa lililojazwa K100 peke yake hutoka kijivu kilichochoka. Liwekeeni C60 M40 Y40 K100. Lakini maandishi madogo yabaki K100 tupu, maana rangi nne zisipokaa sawasawa juu ya herufi ndogo, kila herufi huota kivuli cha rangi pembeni. Na msikubali ushauri wa kujaza zote nne kwa 100. Hiyo ni asilimia 400 ya wino: haukauki, na kwenye karatasi huhamia kwenye shiti linalofuata.

Sasa picha. Nina hakika zilipita WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa hadi upande wake mrefu kubaki na piseli karibu 1600. Itandaze kwenye bango la urefu wa sm 200 upate piseli 8 kwa kila sentimita, wakati bango la kusimama, ambalo watu hulitazama kwa karibu, linahitaji karibu 60, yaani dpi 150 (piseli 150 kwa kila inchi). Kwa bango la sm 85 kwa 200 hizo ni takriban piseli 5,000 kwa 11,800 kama picha inajaza bango lote. Bango kubwa la barabarani halidai hivyo. Dpi 72 kwa ukubwa wake halisi inatosha, kwa kuwa hakuna anayelisoma akiwa hatua mbili tu. Mwambieni mpiga picha atume faili kama dokumenti, au alete kwenye flashi.

Jambo la mwisho, ambalo hamkuuliza: kwenye mabanda mengi ya Barabara ya Kilwa, namba ya simu na tovuti huandikwa chini kabisa ya bango, halafu bango linasimamishwa nyuma ya meza. Meza ina kimo cha sm 75 hivi. Chochote kilicho chini ya hapo hakionekani, na sm 10 za mwisho huishia kwenye kasha la chini ambamo bango hukunjwa. Jina na namba ya simu vikae kwenye nusu ya juu. Herufi yenye kimo cha sm 2.5 husomeka bila taabu kutoka mita 3. Mtu anayepita njiani yuko mbali zaidi ya hapo, hivyo herufi zake ziwe kubwa zaidi. Tena mkiagiza, ombeni filamu ya plastiki ya PP au PET badala ya fleksi, lile turubai la vinaili. Fleksi hujikunja kingo baada ya siku chache, na bango hilo linatakiwa kusimama zaidi ya wiki mbili.

Napaki mdalasini, iliki na pilipili manga kwenye vichupa vidogo. Supamaketi moja ya Dar imenirudishia mzigo kwa sababu barkodi haisomeki. Niliipata bure mtandaoni, na msanifu akaipaka rangi nyekundu iendane na lebo. Nifanyeje, na je, jina langu nimelinda vya kutosha kwa kusajili BRELA?
*Mjasiriamali wa viungo, Unguja*

Dada, una matatizo matatu, na la tatu ni kubwa kuliko yote.

La kwanza ni rangi. Skana nyingi humulika mwanga mwekundu. Chini ya mwanga huo wino mwekundu au wa machungwa unaonekana mweupe, kwa hiyo mashine inaona karatasi tupu. Mistari iwe nyeusi, bluu iliyokolea au kijani kilichokolea, juu ya nyeupe. Kama lebo yako ni ya karatasi ya kaki, weka kiboksi cheupe nyuma ya barkodi.

La pili ni ukubwa. Barkodi ya EAN-13, ile ya tarakimu 13, kwa kipimo chake kamili ni mm 37.29 kwa 25.93, pamoja na nafasi tupu za pembeni. Inaruhusiwa kupunguzwa hadi asilimia 80, yaani karibu mm 30 kwa 21, na si chini ya hapo. Zile nafasi tupu si urembo: kwa kipimo kamili kushoto zinatakiwa mm 3.6 na kulia mm 2.3, na msanifu akisogeza maandishi au fremu ndani yake, skana haijui mstari unaanzia wapi. Kwa kuwa chupa yako ni nyembamba, igeuze barkodi ili mistari ilale kama vipandio vya ngazi chupa ikiwa imesimama. Ikizunguka mwili wa chupa, mistari ya pembeni hujificha upande wa pili na skana haiioni yote kwa mara moja.

La tatu ni namba yenyewe. Hata ukirekebisha hayo yote, namba ya bure mtandaoni yaweza kuwa ya mtu mwingine. Siku itakapokubali kusomeka, kaunta itaonyesha sabuni ya kampuni usiyoijua. Namba halali hutolewa na GS1 Tanzania, shirika linalogawa namba za barkodi, na huanza na 620 (za Kenya huanza na 616). Tarakimu hizo huonyesha namba imetolewa na ofisi ya nchi gani; hazisemi bidhaa imetengenezwa wapi. Kila bidhaa na kila ujazo una namba yake: mdalasini wa gramu 50 na wa gramu 100 ni namba mbili. Hesabu mapema kabla ya kulipia.

Kuhusu jina: BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina msajili wake, BPRA, na usajili wa upande mmoja haukulindi upande wa pili. Wewe uko Unguja na unauza Dar, kwa hiyo unahitaji zote mbili. Katika orodha ya makundi ya bidhaa ya alama za biashara, viungo viko daraja la 30. Hakikisha umesajili alama ya biashara, si jina la biashara tu. Watu wengi hushika cheti cha jina wakidhani wamemaliza. Kwa Bara usajili wa kwanza wa alama hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara.

Bodi ya SACCOS yetu imeamua tubadilishe jina na nembo "tuendane na wakati". Wanatolea mfano Tigo kuwa Yas. Wanachama wa zamani wanalalamika. Maoni yenu?
*Katibu wa SACCOS, Mbeya*

Maoni yetu ni kwamba bodi imechukua mfano usiowahusu. Tigo ya Tanzania ilipogeuka Yas Novemba 2024, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas, haikuwa kuchoshwa na nembo ya zamani. Wamiliki wa kampuni walikuwa wamebadilika siku nyingi na walitaka jina moja kwa masoko yao. Hiyo ni sababu ya kibiashara yenye gharama inayojulikana, na wana fedha ya kupaka rangi kila kibanda cha wakala. SACCOS yenu ina sababu gani?

Tazameni pia mfano wa Kenya. Mtandao ulioanza mwaka 2000 kwa jina la Kencell ukawa Celtel, mwaka 2008 ukawa Zain, mwaka 2010 ukawa Airtel. Majina manne ndani ya miaka kumi, na kila mara mteja anafundishwa upya. Jirani yake Safaricom amebaki na jina lilelile muda wote huo. Hatusemi jina peke yake ndilo lililoamua nani atawale soko, lakini halikumsaidia yule aliyelibadilisha kila mara. Na wapo waliorudi nyuma kabisa: Gap ya Marekani ilitoa nembo mpya Oktoba 2010, ikaiondoa baada ya takriban wiki moja. Tropicana ilibadilisha boksi la juisi mwanzoni mwa 2009, na wanunuzi wakashindwa kulitambua rafuni. Mauzo yalishuka kwa karibu asilimia 20 ndani ya wiki chache, boksi la zamani likarudishwa.

Jina liacheni. Kama nembo haisomeki ikiwa ndogo, au ilichorwa enzi hizo na faili halipo, isafisheni: punguzeni mistari, rekebisheni herufi, bakizeni alama na rangi ambazo wanachama wanazitambua. Kabla ya bodi kupiga kura, katibu aorodheshe kila kinachobeba nembo: mihuri, vitabu vya akiba, fomu za mkopo, risiti, kibao cha ofisi, sare, stika za magari, wasifu wa WhatsApp, barua za benki. Wekeni bei mbele ya kila kimoja. Orodha hiyo huwa inamaliza mjadala yenyewe. Mkiendelea, badilisheni kwanza vinavyoonekana mlangoni, na vya karatasi viacheni viishe stoo ndipo muagize vipya. Hakuna mwanachama atakayekosa mkopo kwa sababu fomu ina nembo ya zamani.

Mteja ameshalipia nembo. Sasa anadai "faili la wazi" la CorelDRAW, lile linaloweza kuhaririwa. Nikimpa, atampelekea kijana mwingine. Nina haki ya kukataa?
*Msanifu, Nakuru*

Kwa Kenya, jibu halitakufurahisha. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinahesabu kazi iliyoagizwa kuwa haki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mlikubaliana vinginevyo. Hakimiliki si sawa na faili lako la kazi lenye rasimu zako, lakini bila mkataba utakuwa unabishana kwenye eneo dhaifu. Safari ijayo liandike kwenye ankara: nembo kwa bei fulani, faili za kazi kwa bei fulani.

Kwa sasa mpe anachohitaji kweli: PDF na SVG za vekta (michoro isiyovunjika ikikuzwa), PNG yenye mandhari ya uwazi, toleo la rangi moja, na namba za rangi. Geuza maandishi kuwa michoro (Ctrl+Q kwenye CorelDRAW, Ctrl+Shift+O kwenye Illustrator), la sivyo kompyuta isiyo na fonti hiyo itaweka Arial mahali pake. Ukimnyima, atapiga picha ya skrini ya JPG na kuipitisha kwenye programu ya kufuatisha michoro. Duara lililohitaji nukta 4 litapata 60, na kisu cha mashine ya kukata vinaili kitachana stika kwenye kila kona. Nembo iliyoharibika ikiwa ukutani bado itaitwa kazi yako.

Tunataka doti za kanga za harusi zenye jina letu wenyewe. Msanifu wetu amezoea kadi tu. Azingatie nini?
*Kamati ya harusi, Tanga*

Kipande kimoja ni karibu sm 150 kwa 110, na doti huchapwa vipande viwili vikiwa vimeungana, mnunuzi ndiye anayekata na kupinda. Pindo lizunguke pande zote nne bila kukatika, mji (mchoro mkuu) ukae katikati, jina, yaani maneno ya kanga, likae chini ya mji, juu ya pindo la chini. Jina liwe la herufi kubwa nene zisizo na mikia, mstari mmoja. Kila rangi ni skrini yake na gharama yake, hivyo rangi tatu zinatosha. Kitambaa huteleza kidogo wakati wa kuchapa. Mistari myeusi ya kuzungushia maua ipande juu ya rangi jirani kwa mm 1 hadi 2, vinginevyo itabaki michirizi myeupe. Mialo, vivuli na picha za maharusi zibaki kwenye kadi.

Taasisi moja imetangaza shindano la kubuni nembo. Masharti yanasema kazi zote zitakazotumwa zitakuwa mali ya mwandaaji. Nishiriki?
*Mwanafunzi wa usanifu, Kampala*

Hapana, kwa sharti hilo. Anayeshinda kuhamisha haki ni sawa, kwa sababu amelipwa. Wengine wote walioshindwa hawajalipwa chochote. Waandikie ukiomba sharti lisomeke "kazi itakayoshinda". Taasisi makini hukubali.

Wakirekebisha na ukashiriki, tafuta kwanza nembo zinazofanana na yako kwa picha, siyo kwa maneno. Nembo ya kwanza ya Olimpiki ya Tokyo ilizinduliwa Julai 2015, ikaondolewa Septemba 1 baada ya msanifu wa Ubelgiji kudai inafanana na aliyoichorea ukumbi wa Théâtre de Liège. Waandaaji walianza upya, na nembo iliyotumika ilichaguliwa Aprili 2016. Hifadhi michoro yako ya penseli ikiwa na tarehe, tangu wazo la kwanza. Ukiulizwa ulifikaje hapo, ndiyo utakayoitoa.