Nikiondoa Kifafa, Nabaki Nani?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 17, niko kidato cha tatu, huku milimani Mahenge. Nilianza kuanguka nikiwa darasa la tano. Mama alisema ni degedege limechelewa kuisha, bibi akasema ni mambo ya ukoo, baadaye kila mtu akawa na lake.

Nyumbani nina kikombe changu cha bluu na sahani yangu ya bati. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni vyangu peke yangu, ila siku mgeni alipotaka kukinywea kikombe kile, mama alimpokonya hadi maji yakamwagika. Mwezi wa pili nilianguka paredi, mbele ya shule nzima. Nilipozinduka nilikuwa vumbini, wenzangu wamesimama mbali kama watu wanaotazama nyoka. Walimu pia. Wanasema povu langu linaambukiza, na hata hewa inayonitoka wakati ule. Sketi ilikuwa imelowa. Nilitembea nayo peke yangu mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo nakaa dawati la peke yangu. Nikianguka nyumbani, mdogo wangu wa kiume ndiye hunishika kichwa, lakini yeye bado mtoto.

Nilikuwa natumia dawa za kliniki. Mwezi wa nne alikuja mhubiri kijijini, akasema anayemeza vidonge hajaamini, basi nikaacha. Mwezi wa tano nilianguka jikoni, mkono wa kushoto ukaingia kwenye mafiga.

Nimeweka akiba shilingi 46,000 za kuuza ndizi. Kuna dada nimempata kwenye simu, anasema Dar kuna kazi ya ndani, nishuke tu stesheni ya TAZARA atanipokea. Nitapanda gari hadi Ifakara, nilale kwa mama mdogo ambaye ni fundi cherehani, halafu alfajiri niondoke bila kumwambia, nikapande treni. Huko hakuna anayejua kwamba mimi ndiye yule anayeanguka. Shangazi, hapa mimi ni kifafa tu. Nataka kujua, nikiondoa kifafa, nabaki nani? Usinichapie jina.

Msichana wa Milimani

*

Marahaba, mwanangu.

Wasomaji wangu, barua hii ilifika ikiwa na namba ya simu ya kuazima, nami sikungoja zamu yake. Nilipiga siku ile ile. Tulizungumza dakika chache simu ikakatika, lakini aliniahidi kwamba hatapanda gari lolote kabla hajasoma majibu yangu hapa. Kwa hiyo haya ndiyo niliyokuwa sijayamaliza.

Mwanangu, sitakuambia ni dhambi kutaka kuondoka. Mimi mwenyewe niliondoka. Ilikuwa mwaka 1994, nikiwa na miaka 16, kijiji kimoja nje kidogo ya Makambako. Nilikuwa kikojozi. Mpaka umri ule nilikuwa nakojoa kitandani, na mke wa baba alikuwa akianika godoro langu kwenye uzio wa mbele, upande wa njia ya kwenda kisimani, makusudi. Watoto walinitungia wimbo. Hata mchumba wa dada yangu aliujua. Nikapanda treni ya TAZARA usiku, na wazo langu lilikuwa lile lile lako, neno kwa neno: huko hakuna anayenijua.

Nikapata kazi ya ndani Temeke. Usiku wa kwanza nililazwa sebuleni kwenye mkeka, na kabla ya adhana ya alfajiri mkeka ulikuwa umelowa. Aliyeniajiri hakujua jina la baba yangu, kabila langu hakuuliza, lakini lile nililolikimbia alilijua siku moja tu baada ya kunipokea. Na kwa sababu hakunijua kwa lolote lingine, kwake nikawa hilo tu. Nilifanya kazi miezi 14, mshahara "nawekewa." Sikuuona. Ningemshtakia nani? Hakuna aliyejua niko wapi.

Nakuomba uliangalie hilo kwa makini kwa upande wako, maana mimi nililowesha mkeka, wewe ukianguka unaweza kufa. Utapewa sufuria la mafuta ya maandazi. Utatumwa kuchota maji kwenye kisima kirefu. Utavuka barabara ya magari mengi umebeba mtoto wa watu mgongoni. Siku utakapoanguka, atakayekuwa karibu hatajua ni nini, hatajua umewahi kutumia dawa gani, na hatajua ampigie nani. Na huyo dada wa kwenye simu hujawahi kumwona hata uso. Msichana anayeshuka stesheni peke yake, ndugu zake hawajui alipo, ndiye anayetafutwa na watu wabaya. Hilo nimeliona kwa macho yangu kwa wenzangu niliofanya nao kazi, na wengine sikuwaona tena.

Sasa dawa. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mimi si daktari, ndiyo maana niliichukua barua yako, bila jina, nikaisomea kwa muuguzi wa kliniki ya afya ya akili, ambako ndiko wagonjwa wa kifafa hutibiwa sehemu nyingi nchini kwetu. (Usiogope jina la kliniki hiyo, halimaanishi una wazimu.) Jambo la kwanza alilouliza ni hili: "Ameacha ghafla?" Kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta mianguko mfululizo, mmoja haujaisha mwingine unaanza, na hiyo huua. Kwa hiyo mkono wako haukuungua kwa sababu imani yako ni ndogo. Uliungua mwezi mmoja baada ya kuacha vidonge. Omba kila siku, hata mimi naomba, na umeze dawa. Ila usirudie mwenyewe vidonge vilivyobaki kwenye kopo. Nenda na kadi yako, useme ukweli kwamba uliacha tangu mwezi wa nne, wao wakupangie upya. Waambie pia umri wako na kwamba wewe ni msichana, kwa kuwa zipo dawa za kifafa zinazoweza kumdhuru mtoto tumboni siku ukija kuwa mama, na daktari anapaswa kulifikiria hilo tangu sasa.

Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 50 hivi duniani wana kifafa, na kwamba 7 kati ya 10 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata dawa inayowafaa na kuitumia sawasawa. Nimekutajia hesabu hiyo ili uone kwamba kundi lako ni kubwa kuliko dawati lile la peke yako.

Na kuna jambo la kwenu nyumbani ambalo huenda hakuna aliyekusimulia. Miaka ya mwanzo ya 1960 daktari mmoja Mnorwe, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa hapo hapo Mahenge. Aliwakuta watu wanaoanguka wakiishi kwenye vibanda vya pembeni, wanakula peke yao, wana makovu ya moto kama lako, kwa sababu ndugu waliogopa kuwagusa walipoangukia motoni. Akawapa vidonge, na wengi wao mianguko ikapungua au ikakoma. Watafiti waliokuja baadaye wameona kwamba kifafa ni kingi zaidi kwenye vijiji vyenu vilivyo karibu na mito ya maji ya kasi, wanakozaliana usubi, wale wadudu wadogo wanaoeneza ugonjwa wa macho na ngozi. Kwa hiyo dawa ya ugonjwa huo inapogawiwa kijijini, wewe na mdogo wako msikose. Si ukoo wenu uliolaaniwa, mwanangu. Kikombe chako cha bluu ni cha zamani kuliko mama yako. Alikirithi.

Ndiyo sababu simchukii mama yako, ingawa nilipofika kwenye yale maji yaliyomwagika niliweka barua chini nikatoka nje.

Walimu siwezi kuwavumilia kwa kiasi hicho hicho. Mwalimu yeyote unayesoma hapa: kifafa hakiambukizi. Si kwa povu, si kwa mate, si kwa mkojo, si kwa hewa. Mtoto akianguka, ondoa mawe na moto karibu yake, mwekee sweta chini ya kichwa, mlegezee tai, na anapoacha kutikisika mlaze ubavu ili mate yatoke nje. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimshikilie kwa nguvu. Tazama saa: ikipita dakika 5 bado anatikisika, au akianguka tena kabla hajazinduka, mkimbizeni hospitali. Akizinduka, mfunike kanga kiunoni. Hilo la kanga halimo kwenye vitabu vya tiba, nimeliweka mimi.

Turudi kwako. Umemtaja mdogo wako katika mstari mmoja, ukampita haraka. Nimeurudia mstari huo mara nyingi. Kuna mtoto mdogo katika nyumba hiyo ambaye kila mtu akikimbia, yeye anakuja. Alfajiri ile ukiondoka Ifakara, yeye atakuwa anaamka Mahenge. Utamwambia nini?

Mimi kule Temeke sikuokolewa na mji. Niliokolewa na mama mmoja muuza vitumbua, jirani, aliyeona ninafua shuka kila siku kabla ya jua. Hakuniuliza kitu. Siku moja alinipeleka hospitali kwa nauli yake, nikatibiwa, na nilipoachishwa kazi nililala kwake miaka miwili. Usiku wa kwanza nilikaa macho mpaka asubuhi, nikihofia kulowesha. Yeye akaniambia, "Lala, mkeka hufuliwa." Alijua, na hakuuondoa mkeka. Nilikuwa nimetafuta mahali pasipo na mtu wa kunijua, kumbe nilikuwa na haja ya mtu anijue na asiondoke.

Huyo mama mdogo wa Ifakara, kwa nini unataka kulala kwake kama mwizi? Nilikuuliza kwenye simu kama naye ana kikombe cha peke yako. Ukanyamaza, halafu ukasema, "Hana. Tunakula sinia moja." Basi nenda kwake likizo hii, mchana, mama yako akijua, na begi lako na kadi yako ya kliniki. Mwombe muende pamoja hospitali. Mweleze habari za shule zote, na sketi pia. Akikubali, zungumzeni na mama juu ya kuhamia huko umalizie kidato cha nne. Kuhama shule kunawezekana, mwalimu mkuu anajua taratibu zake. Kuondoka kwa namna hiyo nakubariki kwa mikono miwili.

Nyumbani wakikataa habari ya dawa, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 wewe bado ni mtoto mpaka utimize miaka 18, na kukupatia matibabu ni wajibu wa wazazi. Mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, haikati salio, hata kwa simu ya kuazima. Huyo dada wa Dar usimjibu tena. Zile 46,000 mpe mama mdogo akutunzie, nauli ya kliniki itoke humo.

Swali lako la mwisho sikulijibu kwenye simu kwa sababu ilikatika. Lakini barua yako umeiandika kwenye karatasi za daftari la hesabu, na nyuma ya ukurasa wa pili kuna gauni limechorwa kwa kalamu ya risasi. Mikono imejaa mabegani, kiuno kimekatwa juu, na pindo umelipimia kwa rula, sentimita zimeandikwa. Umefuta kola mara tatu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Msichana aliyechora hilo hakuwa anafikiria kuanguka. Nikikupigia Jumapili kwa simu ya mama mdogo, nataka uniambie gauni lile ulikuwa unamshonea nani, na kola uliamua iweje.