Kumshona mtoto kwa uzi wa kuyeyuka: soma pakiti kwanza

Wadogo zangu mnaoanza intani, na nyie makliniki ofisa mnaopangwa thieta ndogo, naona jeraha la mtoto likija tu mnakimbilia nailoni, uzi usioyeyuka ambao lazima utolewe baadaye, maana ndo mliyozoea chuoni. Na mimi nilikuwa hivyohivyo, mpaka nilipokutana na mtoto wa miaka minne aliyepasuka juu ya nyusi. Nilimshona nailoni 6-0, ile nyembamba sana, vizuri kabisa nikamwambia mama arudi siku ya tano. Akarudi, nauli ya daladala na boda kwenda na kurudi, mtoto kuona koti jeupe tu akaanza kupiga kelele, tukamshika watu watatu, uzi mwembamba kama unywele umejificha ndani ya kigaga na ncha ya mkasi iko karibu na jicho. Kumshona zilitosha dakika kumi, kutoa nyuzi nusu saa. Yaani ile siku ya kutoa nyuzi kwa mtoto ni kama operesheni ya pili, tena bila ganzi.

Sasa, uzi wa kuyeyuka siyo mmoja, na hapa ndo nilikosea mimi. Nilihama kwenye nailoni nikamshona mtoto mwingine paji la uso kwa Vicryl ya kawaida, ile ya zambarau, nikaweka mishono juujuu kwa sababu ndo pakiti iliyokuwa mezani. Wiki ya tatu mama karudi, nyuzi bado zipo, kila tundu limevimba kadoti kekundu, ikabidi nikae nizitoe mojamoja. Vicryl ya kawaida wiki ya tatu bado ina karibu nusu ya nguvu yake, na inachukua kama siku 56 mpaka 70 kuisha mwilini. Ya kuacha juu ya ngozi ni Vicryl Rapide, siku ya tano imebaki nusu ya nguvu, wiki mbili haina nguvu tena, inadondoka yenyewe mtoto akioga. Kama unashona ndani ya ngozi basi Monocryl, uzi mwingine wa kuyeyuka, isiyo na rangi ni nzuri sana, ila hakikisha haina rangi, maana ngozi ya mtoto ni nyembamba na zambarau inaonekana.

Ukishona ndani, sindano ianzie chini ije juu, upande wa pili iingie juu ishuke chini, ili fundo lilale chini kabisa. Fundo likikaa juu litatoboa ngozi litoke, na utaitwa uje kuona usaha kumbe ni fundo tu.

Goti na kiwiko usizipe Rapide peke yake, mtoto ataanza kukimbia kabla kovu halijashika, hapo weka ya kuyeyuka chini na nailoni juu, tutavumilia kuzitoa. Na ameumwa na mbwa? Usikimbilie kushona, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uanze habari ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Ganzi nayo pigeni hesabu, nawaomba sana. Lignokeni tupu, yaani dawa ya ganzi isiyo na adrenalini, isizidi miligramu 3 kwa kilo, mtoto wa kilo 10 ni miligramu 30, na ile ya asilimia 2 hiyo ni mililita moja na nusu tu. Mimi naizimua nusu kwa nusu na dripu ya chumvi napata mililita 3, nachoma polepole kupitia ndani ya jeraha lenyewe, haimuumi sana kama kutoboa ngozi isiyo na jeraha.

Mkimaliza msimwambie mama "zitayeyuka" halafu mkaita mgonjwa mwingine. Mwambie ni siku ngapi, mwambie akiona kauzi kanachungulia asikavute, aje tukakate, na jeraha likiwa jekundu, la moto au linatoa usaha aje siku hiyohiyo hata kama ni usiku.