Mionzi imeisha, mgonjwa karudi nyumbani

Siku mionzi ya saratani ya titi inapokwisha pale Ocean Road, hospitali ya saratani jijini Dar es Salaam, ndugu hupiga vigelegele, mgonjwa hupandishwa basi la mkoani, na wiki haijaisha anategemewa jikoni. Ni mapema mno. Ngozi huendelea kuungua hata mashine ikishazimwa; wiki mbili za mwanzo ndizo mbaya zaidi, hasa kwapani na chini ya titi, ambako jasho na msuguano huibambua. Aoge maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, ajikaushe kwa kitambaa laini bila kusugua. Sidiria ya kubana aiache kwanza, avae blauzi pana ya pamba. Kidonda kikitoa usaha au akipata homa, arudishwe hospitali. Dawa za miti shamba zisipakwe hapo. Na wanaoogopa kumpa mtoto ampakate wajue kwamba mionzi ya mashine haibaki mwilini.

Uchovu wake unaweza kuchukua miezi. Ukimuuliza "nikusaidie nini?" atajibu "niko sawa", basi usiulize: chota maji, fua, wapeleke watoto shule. Lakini asilale kutwa nzima. Kutembea kidogo kila siku hupunguza uchovu kuliko kitanda.

Mkono ndio unaosahaulika. Kama tezi za kwapani zilitolewa, tena kwapa likapigwa mionzi, maji ya limfu, yaani majimaji ya mwili yanayopita kwenye tezi hizo, hukosa njia na mkono unaweza kuvimba hata baada ya miaka. Chukua tepu ya fundi cherehani, pima mikono yote miwili kila mwezi: kwenye kifundo, sentimita 10 chini ya kiwiko na 10 juu yake. Andika. Tofauti ikiongezeka kwa sentimita 2, msisubiri maumivu. Shambani na jikoni avae glavu, kwani mkwaruzo mdogo tu huleta maambukizi. Mkono ukiwa mwekundu na wa moto, ni hospitali siku hiyohiyo.

Aliyeandikiwa tamoksifeni, dawa ya kuzuia saratani isirudi, huimeza kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Wengi huiacha kwa sababu ya joto la ghafla mwilini au dawa kuadimika, kwa hiyo tafuteni pakiti nyingine zikiwa zimebaki wiki mbili.

Kikohozi kikavu na pumzi kubana ndani ya miezi 6 huweza kuwa mapafu yaliyoathiriwa na mionzi. Zahanati wanaweza kudhani ni TB au nimonia, hivyo waambieni mapema kwamba kifua kilipigwa mionzi. Karatasi ya matibabu ipigeni picha, ikae kwenye simu za watu wawili.