Maswali na majibu: Viti vya bodi za utamaduni

Swali: Jirani yangu aligombea ubunge akaanguka. Sasa ni mjumbe wa bodi ya shirika moja la utamaduni, na sijawahi kumwona hata kwenye ngoma ya kijiji. Ni halali? (Msomaji, Voi)

Jibu: Sheria ya Mashirika ya Serikali ya Kenya, Sura ya 446, inampa Rais uwezo wa kuteua mwenyekiti, naye waziri huteua wajumbe wengine wasiozidi saba. Wengi husoma hapo wakafunga kitabu. Someni pia Katiba ya 2010: Kifungu cha 10 kinadai uwazi, na cha 232 kinataka ushindani wa haki na sifa katika kuajiri na kuteua. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha teuzi 128 za bodi za mashirika ya umma zilizofanywa 2018, kwa sababu hakukuwa na ushindani wala uwazi. Kwa hiyo kuchapishwa kwa jina katika Gazeti Rasmi la serikali, linalotangaza teuzi, hakumalizi mambo. Kiti cha bodi si kifuta machozi cha walioshindwa uchaguzi, na nitaendelea kulisema hili hadi waliopewa uteuzi huo waone aibu.

Swali: Mkurugenzi mkuu si yupo? Bodi ya nini tena?

Jibu: Mkurugenzi huendesha shughuli za kila siku, bodi huidhinisha bajeti na mipango, kisha humwuliza mkurugenzi maswali. Fikiria Fort Jesus ya Mombasa, ngome ya tangu miaka ya 1590 iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa. Imejengwa kwa mawe ya matumbawe, na mawimbi hupiga mwamba iliosimama juu yake. Ripoti ya ukarabati ikiletwa mezani, pawepo anayejua kwamba saruji ya kawaida hubana unyevu ndani ya jiwe la aina hiyo na kuliharibu, na kwamba chokaa huliacha lipumue. Asipokuwepo, zabuni itapita na ukuta utalipa. Wajumbe watakuwa wamechukua posho ya kikao wakaenda zao.

Swali: Nitume wapi CV yangu niwekwe kwenye bodi?

Jibu: Kila wiki napata hili! Subiri tangazo la nafasi. Anayekuomba pesa ili "alipeleke jina lako juu" ni tapeli.

Swali: Je, bodi yaweza kuwa ya wanaume watupu?

Jibu: Hapana. Kifungu cha 27(8) cha Katiba: jinsia moja isizidi theluthi mbili.

Swali: Rais anaweza kumwondoa mjumbe kabla muda wake haujaisha?

Jibu: Anaweza, akiona bodi imeshindwa kutekeleza kazi yake kwa maslahi ya taifa. Hatari yake ni kwamba mjumbe aliyepewa kiti kwa hisani huogopa kuuliza lolote.

Swali: Sisi wachoraji na waigizaji tufanye nini? Hatuna mtu ndani. (Msomaji, Kisumu)

Jibu: Acheni kungoja mtu wa ndani. Tangazo la uteuzi huonyesha muda wa mjumbe, basi andikeni tarehe unapokwisha. Miezi kadhaa kabla yake, chama chenu kimwandikie waziri, kidai nafasi itangazwe na kitaje sifa zinazohitajika. Uteuzi ukishafanyika kimyakimya, tumieni Sheria ya Kupata Habari ya 2016 kuomba vigezo vilivyotumika. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikikaa kimya, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, mkiambatanisha nakala ya barua yenu yenye muhuri wa mapokezi.