Ukibuni chujio la mwanga, uliza kwanza linakula umeme kiasi gani likitulia

Wanafunzi wa uhandisi wa Kisumu na Maseno wanaoniletea miradi yao ya mwaka wa mwisho hupenda kunionyesha kasi: chujio lao la silikoni, linalochagua rangi moja ya mwanga kati ya nyingi zinazopita kwenye faiba, linahama chaneli (yaani kutoka rangi moja hadi nyingine) kwa maikrosekunde chache tu. Vizuri. Lakini likishahama, kulishikilia palepale kunagharimu nini?

Chukua chujio la pete, yaani njia ya mwanga ya silikoni iliyozungushwa duara, lenye hita. Silikoni ikipata joto, mwanga hupita ndani yake polepole zaidi, na pete huchagua wimbi refu zaidi. Karibu na nanomita 1550, kila digrii moja huisogeza takriban nanomita 0.07 hadi 0.08. Sasa liweke kwenye kabati la faiba kando ya barabara pale Kondele, ambapo saa nane mchana bati halishikiki. Digrii kumi zikipanda, pete imehama karibu nanomita 0.8, yaani chaneli nzima kwenye mpangilio ambapo chaneli zimeachana kwa gigahezi 100. Hita huongeza joto tu, haipoozi, hivyo pete lazima ikae juu ya joto kali kabisa la mchana. Matokeo yake, umeme mwingi zaidi huliwa alfajiri, wakati wa ubaridi, na wengi hupima mchana maabarani.

Ndiyo maana nawaambia: lenga wimbi la pete, hita ikiwa imezimwa, liwe fupi kidogo kuliko la chaneli yako hata kwenye joto kali. Likizaliwa refu kuliko hilo, utaipasha pete moto hadi mlio wake unaofuata (wimbi jingine ambalo pete hiyohiyo hulichagua) ufike kwenye chaneli, na hapo milliwati zinakwisha bure. Ukiwa na pete kadhaa, usiigawie kila moja chaneli yake mapema, maana kosa la nanomita moja tu la upana wa njia ya mwanga kiwandani laweza kuihamisha kwa takriban nanomita nzima. Iache kila pete ishike chaneli iliyo karibu mbele yake, kisha upange upya mpangilio wa chaneli kwa elektroniki.

Kuchimba silikoni chini ya pete ili joto lisitoroke hupunguza umeme mara kadhaa. Utapoteza kasi, lakini kama njia za mtandao zinabadilishwa mara chache kwa siku, kasi ya nini?

Programu ya Meep, inayoiga kwa kompyuta jinsi mwanga unavyopita, ni ya bure na inatosha kuanzia. Anza na vipimo viwili (2D), na uhifadhi kazi mara kwa mara. Stima zetu mnazijua. Kwenye ripoti, andikeni milliwati za alfajiri.