Unakwenda kulima jirani na pori la simba? Soma hili kabla hujajenga kibanda

Msimu wa ufuta ukikaribia, maswali huanza kuingia kwenye simu yangu. Vijana kutoka Dar es Salaam, Morogoro, hata Arusha, wamekodi ekari zao Kilwa, Liwale au Rufiji, na wanataka kujua bei ya mbegu, trekta linapatikana wapi, vibarua wanalipwaje. Ni nadra sana mtu kuniuliza atalala wapi. Mimi nimezaliwa kandokando ya Mto Rufiji, nimelinda mpunga tangu utotoni, na nimehudhuria maziko ya watu waliochukuliwa na simba. Kwa hiyo kabla sijamjibu mtu habari ya mbegu, humuuliza: utalala wapi, utalala na nani, na baada ya magharibi utakuwa unafanya nini?

Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 hapa Tanzania na kujeruhi zaidi ya 300. Hesabu hiyo ilikusanywa na watafiti, akiwemo Mtanzania Dennis Ikanda na Craig Packer wa Marekani, waliopita wilaya kwa wilaya. Sehemu kubwa ya misiba ilitokea kwetu huku kusini, na iliongezeka miezi ya mavuno, Machi hadi Mei. Wengi wa waliouawa hawakuwa watalii wala wawindaji. Walikuwa wakulima shambani, mama anayetoka jikoni kuingia chumbani, mtoto aliyekwenda chooni, watu waliolala ndani ya vibanda vya nyasi ambavyo simba alivipasua akaingia.

Kuna historia ambayo mgeni hawezi kuiona kwa macho. Zamani watu wa Rufiji waliishi bondeni, karibu na mashamba yao. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa Operesheni Rufiji, walihamishiwa vijiji vya juu ili waepuke mafuriko na wapate huduma. Watu wakahama, rutuba ikabaki bondeni. Ndiyo maana mpaka leo familia nyingi huteremka na vyombo vyao na kukaa shambani kwa miezi wakilinda mazao, mbali na majirani, mbali na nyumba za matofali. Mgeni wa ufuta anayejenga kibanda cha turubai katikati ya shamba jipya, pori limemzunguka pande zote, anajiweka katika hali ileile, tena bila uzoefu wa wenyeji.

Simba anatafuta nini shambani? Anamfuata nguruwe pori. Sehemu nyingi zilizofyekwa kwa kilimo, pundamilia, nyumbu na swala wametoweka. Nguruwe hakuondoka. Anajificha kwenye vichaka mchana, usiku anaingia kwenye mahindi, mihogo na mpunga. Tena huku kwetu wengi ni Waislamu, nyama yake hatuli, kwa hiyo hakuna mwenye haja ya kumwinda. Mkulima analazimika kulala shambani kwa sababu ya nguruwe, na simba anakuja shambani kwa sababu ya nguruwe huyohuyo. Wanakutana gizani, na anayekosa kumpata nguruwe anamkuta binadamu, mnyama asiye na mbio wala pembe.

Kwa hiyo fedha yako ya kwanza ya ulinzi itumie kumzuia nguruwe. Wenye mashamba yanayopakana wakae pamoja wachimbe mtaro upande wa pori, au wasimamishe wigo wa miti iliyobanana. Ni kazi nzito, familia moja haiwezi, na ndiyo maana nasema mzungumze kabla ya kupanda, kila mtu angali na nguvu na hamu. Fyekeni nyasi na vichaka kandokando ya mashamba pia. Mazao anayoyapenda nguruwe, hasa mahindi na mihogo, yasipandwe yakagusa ukuta wa nyumba. Nimeona mtu ameotesha mahindi hadi mlangoni kwa kuogopa wizi, na usiku anafungua mlango moja kwa moja kwenye kichaka.

Sasa dungu, yaani kibanda cha kulindia mazao kinachojengwa juu ya nguzo. Kama ni lazima ulale shambani, lala juu. Usiniambie moto unatosha. Moto unasaidia, lakini simba aliyekwisha kuzoea kuwinda watu haumsumbui sana. Dungu zuri lina nguzo za mti mgumu zilizofukiwa vizuri, na sakafu iko juu kabisa, kupita sana kimo cha mtu aliyenyoosha mkono. Urefu peke yake hautoshi kwa sababu simba anaruka na anaweza kupanda. Lazima kuwe na paa, kuta za fito zilizofungwa kwa kubana, na mlango mdogo unaofungwa kutoka ndani. Makuti au turubai kwa simba ni karatasi. Ngazi iwe ya kupandisha, na aliyepanda mwisho aivute juu kabla hata hajavua viatu. Chombo cha haja ndogo na maji ya kunywa viwe humohumo, ili pasiwe na sababu yoyote ya mtu kushuka.

Nikiwa kijana nililala dunguni na mjomba wangu wakati wa mavuno. Tulikuwa na madebe matupu yaliyofungwa kwenye kamba ndefu, unavuta ukiwa juu, kelele inatokea upande wa pili wa shamba. Usiku huo nguruwe walikuwa wengi, wanakoroma na kuvunja mabua kwenye mahindi ya jirani. Mjomba alipotaka kuvuta kamba, wote wakanyamaza kwa mara moja. Mimi nikaanza kusema wamekimbia. Akanishika bega akaninong'oneza, "Tulia, mjomba. Nguruwe akiondoka utamsikia anaondoka." Hatukumwona simba. Tulimsikia akihema chini ya sakafu yetu, pumzi nzito ya taratibu, halafu nguzo moja ikatikisika kidogo kama mtu amejisugua. Mjomba hakushuka mpaka jua lilipopanda na tukasikia sauti za watu barabarani. Nyayo zilikuwa zimezunguka dungu lote.

Tangu hapo ukimya wa ghafla nauogopa kuliko ngurumo. Simba anayenguruma anajitangaza kwa wenzake; anayewinda hatoi sauti. Nguruwe wakinyamaza pamoja, au mbwa akaacha kubweka akajikunja miguuni pako, usishuke kwenda kuangalia kuna nini. Piga kelele ukiwa humohumo juu, wapigie simu wenzako wa madungu ya jirani, wala asishuke mtu hadi kupambazuke vizuri.

Jambo la pili ambalo ningependa kila mtu alijue ni habari ya mwezi. Watafiti haohao walichambua mashambulizi yaliyotokea kati ya 1988 na 2009, wakakuta mengi yalitokea kati ya saa 12 jioni na saa 4 kasorobo usiku, na kwamba hatari huwa kubwa katika siku kumi za mwanzo baada ya mwezi mpevu. Sababu yake ni hii. Usiku wa mbalamwezi simba anawinda kwa shida, kwa sababu wanyama wanamwona. Analala njaa. Mwezi unapoanza kupungua unachelewa kuchomoza, na kila siku unachelewa zaidi, kiasi cha dakika hamsini hivi. Kunakuwa na kipande cha giza totoro mara baada ya magharibi, wakati simba ana njaa na binadamu bado wako nje: wanatoka shambani, wanaota moto, wanaoga, wanakwenda kuswali Isha.

Sisi tunaohesabu mwezi kwa ajili ya Ramadhani na Maulidi hatuhitaji kifaa chochote kwa jambo hili. Tarehe kumi na sita ya mwezi hadi ya ishirini na tano, jioni ziwe fupi. Kazi za shamba ziishe mapema. Chakula kipikwe jua likiwa bado juu. Maji yachotwe alasiri. Anayekwenda msikitini asiende peke yake, na watu wote wawe na tochi zenye mwanga mkali, si ule wa simu. Mtu akikuambia mwezi ulikuwa mkubwa juzi tu kwa hiyo kuna mwanga, mwambie atoke nje saa moja na nusu aangalie.

Nyumbani kijijini hatari ni kubwa zaidi kwenye ule mwendo mfupi kati ya mlango na choo. Wekeni ndoo ya haja ndani kwa ajili ya usiku, hasa kwa watoto na wazee. Najua wapo wanaoona ni aibu. Bibi yangu, mtu wa heshima zake, hakuruhusu mjukuu yeyote kutoka baada ya Isha, na asubuhi alikuwa akiimwaga ndoo hiyo mwenyewe bila kumwonea mtu haya. Bafu la makuti liwe karibu na mlango, na nyasi za njiani zifyekwe. Baraza ni pazuri kulala wakati wa joto, lakini katika kijiji chenye taarifa za simba asilale mtu yeyote barazani, hata walevi waingizwe ndani.

Ukikutana na simba mchana uso kwa uso, usikimbie na usimpe mgongo. Simama, jifanye mkubwa, inua kanga au jembe juu, paza sauti, rudi nyuma taratibu huku ukimtazama. Mtoto mdogo mbebe bila kuinama kwa muda mrefu. Simba wengi wa mchana wanataka njia ya kuondoka, mwachie njia hiyo.

Ukiona unyayo, usiukanyage na usiwaachie watu wajae hapo. Funika kwa karai au sufuria, kisha mwite mtendaji wa kijiji na askari wa wanyamapori wa kijiji, ili taarifa ifike kwa afisa wanyamapori wa wilaya na TAWA, mamlaka ya serikali inayosimamia wanyamapori. Unyayo wa simba ni mpana, wa mviringo, hauonyeshi kucha kwa sababu anapotembea huzificha. Wa fisi huonyesha alama za kucha. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa wanaokuja kumsaka, na upepo au ng'ombe wawili wakipita, ushahidi umekwisha. Chukua picha kwa simu, weka kiberiti au sarafu pembeni ili ukubwa uonekane.

Hapa niseme kitu ambacho wengine hawatakipenda. Simba akiua mara mbili au tatu, huku kwetu utasikia kwamba ni wa kutumwa, kwamba kuna mtu nyuma yake. Watu wanaacha kusema wazi, wanatafuta mganga, na mara nyingi kidole kinaelekezwa kwa mzee fulani, au mama mjane asiye na wa kumtetea. Naelewa inakotoka hofu hiyo. Mnyama anayechagua nyumba moja na kuacha nyingine anatisha. Ila siku zinazopotea kwenye minong'ono ndizo anazotumia kuua tena. Yule simba wa Rufiji ambaye wanakijiji walimwita Osama, aliyehusishwa na vifo vya watu wapatao 35 kuanzia mwaka 2002, alipouawa Aprili 2004 alikutwa ni dume kijana mwenye jipu kubwa kwenye jino la nyuma. Alikuwa mnyama wa nyama na damu, tena mgonjwa. Mjane wa jirani hana kosa lolote.

Na sumu jamani, hapana. Mtu aliyeuliwa ng'ombe hunyunyiza dawa ya wadudu kwenye mzoga, na asubuhi wamekufa tai, fisi, mbwa wa kijiji, na simba ambaye hakuwa na habari na ng'ombe huyo. Dawa hiyo inaingia kwenye udongo na maji mnayokunywa. Wafugaji wenzetu wa Simanjiro wameonyesha njia nyingine: wanapanda miti hai kuzunguka boma na kuifunga wavu wa chuma, miti inakua ikawa nguzo zisizooza, na simba anabaki nje. Kwa wanaolaza mifugo huku kusini, hilo ni la kuigwa kuliko boma la miiba mikavu linalooza kila masika.

Mwisho kabisa, mambo ya karatasi, kwa sababu nimeona familia nyingi zikiishia kulia tu. Serikali ina utaratibu wa kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia ya aliyeuawa na mnyamapori mkali, na kifuta jasho kwa mazao na mifugo iliyoharibiwa. Fedha hizo hazirudishi mtu na huchelewa, lakini ni haki, na haziji zenyewe. Taarifa itolewe mapema, ikiwezekana siku hiyohiyo, kwa mtendaji wa kijiji, na mwombe aiandike mbele yako. Majeruhi apelekwe kituo cha afya haraka hata kama jeraha linaonekana dogo, kwa maana kucha na meno ya simba yana uchafu unaooza kidonda, na karatasi ya daktari itahitajika baadaye. Piga picha ya eneo, andika majina ya mashahidi wawili au watatu, na tunza nakala ya kila fomu unayojaza. Mfiwa asipewe kazi hii. Mpwa, jirani au mwalimu wa shule aichukue, aifuatilie wilayani, na asichoke kuuliza imefikia wapi.